Lebo Juu ya Lebo

Sehemu ya kumi na moja

Lebo ilikuwa imebanduka nusu pale mlango wa ghala ulipofunguliwa.

Hasina hakugeuka. Kidole gumba kilikuwa bado chini ya karatasi, na maji ya moto yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Juu ya chupa ya korosho aliyoishika palikuwa na lebo ya kijani: KOROSHO YA KILIMO HAI, pamoja na nembo na nambari ya shamba. Chini yake, pale palipokwisha kubanduka, maneno mengine yalikuwa yakichungulia: KOROSHO YA ASILI.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na wengi mmeniuliza ni nani aliyefungua mlango. Nitawaambia sasa hivi. Aliyeanza kusoma leo naye asihangaike, mambo yenyewe si mengi. Ghala hili la Ukunda ni la Bwana Mbarak, mwenyekiti wa kundi la wakulima wa korosho kule Kikoneni. Mwaka jana kundi hilo lilimfukuza Bi Biasha, mama yake Hasina, mbele ya majirani zake. Hasina alilelewa na shangazi yake Msambweni, kwa hiyo Mbarak hajui binti anayembandikia lebo ni mtoto wa nani. Naye Hasina hakuja kutafuta mshahara. Amekuja kumwona Mbarak akiaibishwa kama alivyoaibishwa mama yake, na jina la mama yake lirudi safi.

Aliyefungua mlango alikuwa Rispah, msimamizi wa wapakiaji.

"Ai! Hasina! Unaosha vyombo ama?"

"Lebo ilikaa upande, dada."

"Ikae upande wapi? Hiyo nilibandika mimi. Hebu lete."

Rispah aliichukua chupa, akaivuta ile karatasi iliyolegea, akasoma ya chini. Hakushtuka hata kidogo.

"Ah, hii ni ya zile zilikuja na lori la yule dalali wa Mbarak. Mdosi alisema tubandike juu tu, tusipoteze chupa."

"Tusipoteze chupa."

"Si ndiyo? Asili, hai, yote si korosho? Mti ni mti."

Hasina alijifuta mikono kwa aproni. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama kawaida yake anapokuwa na hasira.

"Dada Rispah, neno asili mtu yeyote anaweza kuliandika. Chumvi ni ya asili. Mchanga ulioko hapo nje ni wa asili. Hakuna mtu atakayekuja kukuuliza. Lakini kilimo hai huliandiki mpaka mtu aende shambani kwa miguu yake, aitazame miti, afungue stoo, awaulize majirani. Nembo hii maana yake ni kwamba mtu alikwenda."

"Na kama hakuenda?"

"Basi mnunuzi anaibiwa, na mkulima wa kweli anaibiwa pamoja naye."

Rispah akarudi mlangoni, akaufunga kwa komeo, akaegemea mbao.

"Sasa niambie. Hiyo simu yako imesimama hapo kwa rafu inaangalia chupa kama askari wa geti. Ulidhani sijaiona?"

Hasina alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo.

"Umepiga picha?"

"Nimepiga."

"Umetuma?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Hasina alidhani hakusikia vizuri.

"Huyo mtu," Rispah akasema, "aliniambia mbele ya wasichana wote kwamba watu wa bara tukishika korosho zinanuka moshi. Wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo mbaya zaidi. Nilicheka, Hasina. Hiyo kicheko bado iko hapa." Alijigusa koo. "Tuma. Lakini ukimwangusha, mwangushe kabisa. Asipate hata ukuta wa kushika."

Hasina aliichukua simu. Picha ya kwanza ilionyesha lebo ya kijani ikiwa nzima. Ya pili ilionyesha ile ya chini. Ya tatu ilionyesha magunia ya dalali yasiyo na alama yoyote. Alizituma kwa Bwana Kalama, mkaguzi wa ofisi inayotoa nembo, mtu ambaye kesho yake angefika ghalani pamoja na wanunuzi wa hoteli moja ya Diani. Chini yake aliandika maneno machache: Korosho hizi hazikutoka kwenye shamba lenye nambari hii.

Zikaenda.

Nawaomba mnivumilie nieleze kwa nini kidole chake hakikusita.

Katika kundi la Kikoneni, wakulima hukaguana wenyewe kabla mkaguzi wa ofisi hajafika. Jirani hupita shambani kwa jirani. Na desturi yao ni kwamba anayekaguliwa huwapikia wakaguzi wake. Siku ile Bi Biasha aliwapikia wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Walikula hadi ukoko. Kisha Mbarak akauliza kama stoo ina kitu chochote cha kunyunyizia, na Bi Biasha, kwa kuwa hajui kuficha, akaleta mwenyewe mfuko wa salfa ya unga aliyopulizia maua ya mikorosho yaliposhikwa na ukungu. Mtu mmoja akasema dawa ni dawa. Bi Biasha akainamisha kichwa, akasema nimekosa, niwieni radhi. Ikapigwa kura. Waliinua mkono wa kulia, ule ule waliotoka kulia chakula chake, wengine hawajauosha.

Tangu siku ile Bi Biasha hajampikia mgeni.

Mlango uligongwa. Kugonga kulikuwa kwa taratibu, kwa mtu anayejua kuwa nyumba ni yake.

Rispah alifungua haraka. Hasina aliisukuma chupa iliyobanduliwa ndani ya ndoo ya maganda.

"Assalaam aleikum, mabinti zangu."

"Waaleikum salaam, Bwana Mbarak. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Mbona mmejifungia? Mnamwogopa nani?"

"Paka, mdosi," Rispah akajibu. "Anaingia anatafuta panya."

"Basi mwacheni aingie, yule ana kazi kuliko nyinyi." Alicheka, akaweka mezani mfuko wa mahamri. Lazima niseme ukweli: Mbarak si mtu wa kugombeza. Huuliza hali ya wazazi, huchangia msiba, husali safu ya mbele. Ndiyo maana kumchukia ni kazi ngumu, na Hasina alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa bidii mwaka mzima.

"Hasina, njoo hapa. Kesho wageni wa hoteli watauliza maswali. Rispah akiwajibu watadhani tunawafokea. Wewe una ulimi mlaini. Nataka wewe ndiye uwaeleze lebo."

"Mimi, bwana?"

"Wewe. Shika chupa. Nisomee."

Hasina alishika chupa nyingine. "Korosho ya kilimo hai."

"Mjinga ataishia hapo. Mjanja hugeuza chupa. Geuza. Unaona nini?"

"Nembo. Jina la ofisi iliyokagua. Nambari ya shamba."

"Sawasawa. Lebo isiyomtaja aliyekagua ni pambo tu. Mtu anaweza kuchora majani ya kijani, akachora jua, akachora na bibi anayetabasamu, na ndani kuna takataka. Jina na nambari, hayo ndiyo ya kutazama. Haya, shika ile ya asali."

Alishika chupa ya korosho zilizochanganywa na asali.

"Hapo kwa nini hatukubandika nembo mbele?"

"Sijui, bwana."

"Kwa sababu asali yake ni ya kawaida. Tumeandika nyuma, kwenye orodha ya vilivyomo, kwamba korosho ndizo za kilimo hai. Mgeni akiona neno hai limo ndani ya orodha peke yake, ajue si chupa nzima. Umeelewa?"

Hasina alielewa. Alielewa vizuri kiasi cha kutamani mtu huyu awe mjinga. Mjinga hukosea. Huyu hakuwa amekosea chochote.

"Na wakiuliza kama mkulima wetu anatumia dawa, niseme hatumii?"

"Hapana!" Mbarak aliinua kidole. "Usiseme hivyo kamwe. Huo ndio ujinga wa watu wengi. Kilimo hai si kwamba shamba halipuliziwi kitu. Kuna zilizokatazwa na kuna zilizoruhusiwa. Sema: anatumia zilizoruhusiwa. Wakitaka mfano, wape salfa ya unga. Mkorosho ukishikwa na ukungu, salfa inaruhusiwa."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Inaruhusiwa?" Hasina akauliza.

"Tangu zamani. Nilifundishwa semina ya kwanza kabisa."

"Na wakulima wanajua?"

Mbarak alimega hamri, akatafuna taratibu. "Wakijua kila kitu, mwenyekiti atakuwa na kazi gani? Kuna mama mmoja alitoa mfuko wa salfa stooni mwake mwenyewe, akalia, akaomba radhi mbele ya kundi zima. Mimi nilikuwa natazama mkeka tu."

"Hukusema kitu."

"Hakuna aliyeniuliza, binti."

Rispah, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimtazama Hasina na kuona mkono wake. Kisu cha kukatia maboksi kilikuwa kiganjani. Rispah akapita katikati yao kama mtu anayetafuta gundi, akakichukua bila neno.

"Maskini," Hasina akasema, na ulimi wake ulikuwa mlaini kweli. "Kwa hiyo alipoteza shamba?"

"Shamba analo. Alipoteza wanunuzi tu. Dalali wangu akawa anapita pale kuokota magunia mawili matatu kwa huruma." Akajifuta midomo. "Nilimtoa kwenye kikao, sikumtoa kwenye karatasi. Kila nambari ina kipimo chake, Hasina. Miti huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayosema magunia mangapi yanaweza kuuzwa kwa nembo. Yeye ana miti mingi kuliko wote kundini. Ningemfuta, miti yake ingefutika pamoja naye. Nambari unayoishika hapo ni yake."

Hasina aliitazama chupa. Siku zote alidhani ile ni nambari ya shamba la Mbarak. Kibao cha nambari kilikuwa kimeng'olewa kwenye lango la mama yake siku ile ile ya kura, na kwa aibu Bi Biasha hakuitaja tena.

"Zote?" akauliza. "Chupa zote ghalani zina nambari hiyo?"

"Zote."

"Na ikitokea shida, bwana? Mkaguzi akisema korosho si za shamba hilo?"

Mbarak alitabasamu kwa upole wa baba. "Shida ya nambari ni ya mwenye nambari. Mimi nilinunua nilicholetewa. Lakini hakutakuwa na shida. Mama mwenyewe anakuja kesho. Nimempigia simu asubuhi, nimemwambia kundi limemsamehe. Atasimama mbele ya wageni aseme korosho ni zake. Alilia kwa furaha, masikini. Haya, zimalizeni hizi zilizobaki. Wageni wapende wanachokiona."

Akatoka, na mahamri yake akayaacha.

Rispah aliufunga mlango. "Ni nani huyo mama? Umekuwa mweupe kama unga."

"Ni mama yangu."

"Wacha!"

"Nimemshtaki mama yangu, Rispah. Picha tatu. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba mwenye nambari hii anauza uongo."

"Hukuandika hivyo."

"Kalama atasoma hivyo. Na Mbarak ataapa hivyo."

Alipiga simu. Iliita mara ya kwanza ikakatika. Mara ya pili Bi Biasha alipokea, na sauti yake ilikuwa juu, sauti ambayo Hasina hakuisikia mwaka mzima.

"Mwanangu! Nilitaka kukupigia. Ile leso yangu ya zambarau iko kwa shangazi yako? Kesho nina safari ya Ukunda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbarak amenisamehe, Hasina! Ananipeleka mbele ya wageni. Na wale wote waliokula wali wangu wakaniinulia mikono, watakuwapo. Nataka wanione. Nataka wakose pa kuweka macho."

"Mama, usije."

"Nisije?"

"Sikiliza. Salfa si kosa. Haikuwa kosa hata siku ile. Inaruhusiwa."

"Nani kasema?"

"Mbarak. Sasa hivi, kwa kinywa chake. Alijua tangu mwanzo. Alikuacha ulie."

Simuni kuku walisikika, na mtu akitwanga kitu kwa mbali. Hasina akaendelea kwa haraka. Alimweleza kwamba anabandika lebo ghalani kwa Mbarak, na juu ya dalali na lori lake. Alimweleza lebo ya juu na lebo ya chini. Alimweleza nambari.

"Nambari yangu," Bi Biasha akasema mwishowe.

"Yako, mama."

"Iko kwenye chupa ngapi?"

"Ghala zima. Nami nimekwisha kumtumia mkaguzi picha. Nilidhani namchoma Mbarak."

"Na hizo chupa zimeandikwa kwamba zimetoka shambani kwangu. Kwa nembo. Kwa jina la ofisi."

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia usije. Atakutupia mzigo wote."

Bi Biasha akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha puani, kikavu, na Hasina hakukijua.

"Nilijishtaki mwenyewe, mwanangu. Kwa kitu kisicho kosa. Na yeye akala pweza wangu."

"Ulipika changu, mama."

"Yeye nilimwekea na pweza. Kwa heshima ya uenyekiti. Kata simu. Nina mtu wa kumpigia."

"Nani? Mama! Utamwambia nini?"

Simu ilikuwa imekatika. Alipiga tena, ikawa inatumika. Alipiga tena, bado inatumika.

"Amekasirika?" Rispah akauliza.

"Amecheka."

"Hiyo ndiyo mbaya."

Walirudi mezani kwa sababu hawakujua la kufanya jingine. Rispah alikuwa akisukuma chupa, Hasina akibandika. Kila lebo aliyoibandika ilimwuma. Mara mbili alitaka kuitupa roli ya lebo, karatasi ndefu iliyoviringishwa, ndani ya maji. Mara mbili Rispah alimtikisia kichwa.

Simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa Bwana Kalama.

Hasina aliusoma, akaketi juu ya gunia, akausoma tena kwa sauti ili Rispah asikie.

"Binti, picha nimezipata. Lakini mwenye shamba amenipigia sasa hivi. Anasema chupa zote zenye nambari yake ni mali yake, zimetoka kwenye miti yake, hajamwuzia Mbarak hata moja, na kesho anakuja na lori kuzibeba. Wewe umesema korosho si zake. Mmoja wenu ananidanganya. Ni nani? Nataka jibu kabla sijatoka nyumbani."

Rispah alikuwa wa kwanza kuelewa. Alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Woi! Atazibeba zote!"

"Mbarak hawezi kukataa," Hasina akasema polepole. "Akisema si za mama, amekiri kuwa lebo ni za uongo. Akinyamaza, ghala linaondoka."

"Lakini mama yako akizichukua..."

"Akizichukua, uongo umekuwa wake. Mama yangu hajawahi kusema uongo, Rispah. Hata pale uongo ulipoweza kumwokoa."

Hapo nami nilisimama kidogo nilipokuwa nikiandika, kwa sababu sitaki kumhukumu mtu upesi. Neno moja la ukweli kwa Kalama lingemwokoa Bi Biasha na dhambi, na lingemvunja mbele ya watu mara ya pili. Neno moja la uongo lingemtia Mbarak shimoni, na lingeitia nembo aliyoililia Bi Biasha mwaka mzima katika shimo hilo hilo. Hasina aliishika simu, akaandika neno, akalifuta.

Kisha aliinuka akachukua roli ya lebo.

Alianza kubandika. Sasa hakuwa akibandika kama mtu anayeumwa. Chupa, gundi, kiganja. Chupa, gundi, kiganja. Lebo zilikaa wima, nambari ikimtazama.

"Unafanya nini?" Rispah akauliza.

"Kila ninayoibandika ni ya mama. Kesho ataibeba."

"Na jibu la Kalama?"

Hasina alichukua chupa nyingine. Rafu tatu zilikuwa zimejaa, mbili zilikuwa bado na chupa zisizo na lebo, zinang'aa, hazina mwenyewe. Honi ililia nje. Ilikuwa gari la Mbarak, limerudi, na mlinzi alikuwa tayari akiita kwamba ghala lifungwe, tajiri anataka ufunguo.

"Acha, Hasina. Zilizobaki tutamaliza kesho."

"Moja tu."

"Kesho!"

Rispah alizima taa. Hasina alitoka na roli ya lebo chini ya buibui, na simu mkononi. Kalama alikuwa ameandika tena: Bado nangoja.